Kufutwa kwa Dakika za Heshima

Kibanda cha Lango Kuu,
Tarehe 19 Machi.

Kwako Mheshimiwa Afisa Elimu,

YAH: KUJIELEZA KWA NINI NILIKUKETISHA BENCHI, PAMOJA NA MALALAMIKO DHIDI YA USAWA

Mheshimiwa, natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima na mgongo umetulia. Benchi la nje ya lango halina egemeo, na kabla yako hakuna mtu mzima aliyewahi kulikalia kwa muda mrefu kiasi kile akiwa amevaa suti.

Nimepokea barua yako ya tarehe 15 Machi. Inanipa siku saba nieleze kwa nini nisifukuzwe kazi, baada ya kukufungia lango na kukuketisha benchi dakika thelathini na nne, siku uliyokuja kuwahutubia wanafunzi juu ya Sheria mpya ya Elimu na usawa shuleni. Kabla sijaendelea naomba kusahihisha jambo moja. Zilikuwa dakika thelathini na sita. Nimeangalia katika shajara yangu, na nisingependa mtu mkubwa kama wewe apunjwe.

Kosa silikatai. Ninachokataa ni kulibeba peke yangu wakati mkosaji mwenyewe yupo, ana kurasa themanini na nne na jalada la bluu. Ni hiyo Sheria.

Nimelinda lango hili miaka kumi na tisa. Nina cheti cha kidato cha nne na mwandiko unaosomeka. Kengele ya asubuhi hulia saa moja na nusu. Kabla ya Sheria, baada ya kengele niliongozwa na Jedwali la Dakika za Heshima, nililolitunga mwenyewe kwa kuwachunguza watu miaka mingi na kulibandika nyuma ya mlango wa kibanda. Mtoto wa diwani alikuwa na dakika ishirini za kuchelewa bila kuulizwa. Akija na gari, ishirini na tano, maana gari nalo lina heshima yake. Mtoto wa daktari, kumi na tano. Mtoto wa mwalimu, kumi. Mtoto wa mwenye duka, saba, na duka likifilisika, tatu. Mtoto wa fundi viatu, dakika moja. Mtoto ambaye mzazi wake sijawahi kumwona, sifuri. Huyo alikuta lango limefungwa na alirudi nyumbani. Mwalimu mkuu hakuwa na kikomo. Na wewe, Mheshimiwa, nilikuandikia kwa wino mwekundu: "siku nzima."

Miaka yote hiyo hakuna aliyelalamika. Yaani, waliolalamika walikuwa nje ya lango, na mimi nilikuwa ndani.

Sasa nayaeleza yaliyonifika, kwa mpangilio.

1. Sheria ililetwa bila mimi kuandaliwa. Tarehe 6 Februari mwalimu wa uraia aliwasomea wanafunzi wote uwanjani kifungu cha tisa, kinachosema kila mtoto ana haki sawa ya kuingia shuleni, awe mtoto wa nani asiwe wa nani. Akaongeza kuwa kila shule lazima iwe na baraza la wanafunzi, walimu na wafanyakazi, na mambo ya shule yapigiwe kura. Alipomaliza, msichana mmoja wa darasa la saba aliinua mkono. Ni binti wa fundi viatu. Wenzake wanamwita Kifungu, kwa sababu tangu Sheria ije hawezi kuomba hata rula bila kutaja kifungu. Akauliza, "Mwalimu, na lile jedwali la nyuma ya mlango wa mzee wa lango, liko kifungu cha ngapi?"

Mheshimiwa, sikujua watoto wa dakika moja wanaona mbali namna ile. Nadhani alilisoma kupitia upenyo wa mlango siku alizokuwa akingoja nje, na siku hizo, kwa mujibu wa daftari langu, ni arobaini na moja.

2. Nilipewa kura ambayo sikuiomba. Wajumbe wa baraza tuko thelathini na wawili, nami nimo kama mwakilishi wa wafanyakazi, kwa sababu mpishi alikataa. Mwalimu mkuu, mwenye digrii na miwani miwili, alipewa kura moja. Mtoto wa darasa la pili, aliyekatiza kikao kuomba ruhusa ya kwenda chooni, alipewa kura moja. Na mimi moja. Niliuliza kama mtu anaweza kuongezewa kura kwa miaka ya kazi. Niliambiwa hapana, na yule wa darasa la pili akaniambia "pole."

Hoja ilikuwa hii: Dakika za Heshima zifutwe, kila mtu apewe dakika tano baada ya kengele, na atakayezidisha akae benchi la nje mpaka kipindi cha kwanza kiishe, aandike jina lake na sababu yake kwa mkono wake mwenyewe, kisha aingie darasani. Asirudishwe mtu nyumbani. Nilisimama kupinga. Nikawakumbusha kwamba hata vidole vya mkono mmoja havilingani. Kifungu akasimama akasema, "Havilingani, mzee, lakini vikibanwa na lango vyote vinauma sawa." Baraza zima lilicheka. Mimi pia nusura nicheke, nikakumbuka niko upande gani. Tulipiga kura. Nilishindwa kwa kura thelathini na moja dhidi ya moja.

3. Baraza lilikataa kunifafanulia neno. Niliwaandikia kwa heshima kuuliza "kila mtu" ni nani hasa. Nilijibiwa kwa barua yenye mstari mmoja: "Kila mtu ni kila mtu." Sasa mimi, Mheshimiwa, ni mtu wa utaratibu. Sina ubaya na mtu, lakini nikipewa agizo lililoandikwa, nalitekeleza mpaka herufi ya mwisho.

Tarehe 20 Februari mwalimu mkuu alifika saa moja na dakika thelathini na nane. Akapiga honi. Akashuka. Akasema, "Fungua bwana, ni mimi." Nikamjibu kupitia tundu la lango, "Naona ni wewe, mwalimu, na hapo ndipo ugumu ulipo." Alikaa benchi pamoja na watoto watatu. Nilipompa daftari, kwenye nafasi ya sababu aliandika "Majukumu." Mtoto aliyekaa karibu naye akachungulia akasema, "Mwalimu, hiyo si sababu. Andika tu ulilala." Mwalimu mkuu akatazama kushoto na kulia, akaandika alilala. Tangu siku hiyo anafika kabla yangu, na mimi, niliyezoea kuwa wa kwanza shuleni kwa miaka kumi na tisa, sasa ni wa pili. Hilo nalo ni lalamiko, ila sikulipa namba yake.

4. Mpangilio wa jamii umevurugika. Mtoto wa diwani sasa anawahi. Nimemwona kwa macho yangu akikimbia, begi likimpiga mgongoni, kamasi zikimtoka kama mtoto wa mtu yeyote. Dereva wao alinilalamikia: "Mzee, hii Sheria yenu imeniamsha na majogoo." Nikamwambia si yetu, ni ya serikali.

Kwa upande mwingine, wameingia watoto kumi na wanne ambao nilidhani ni wa shule nyingine. Nilikuwa nikiwarudisha nyumbani mara nyingi kiasi kwamba sura zao nilizizoea kwa nyuma tu. Kumbe majina yao yalikuwa kwenye orodha yetu muda wote. Wanapita kila asubuhi, na kila mmoja ananipa shikamoo yake, hakuna anayeshirikiana na mwenzake. Ni marahaba kumi na nne za ziada kwa siku. Sauti yangu imeanza kukwaruza.

5. Sheria imenifuata nyumbani. Binti yangu wa mwisho yuko darasa la sita hapahapa. Tarehe 3 Machi aliuliza mezani ni nani alinichagua kushika redio peke yangu. Nilimjibu kwamba mimi ni baba. Akasema, "Hilo tunalijua, baba, tunauliza ulipata kura ngapi." Mama watoto, ambaye nilitegemea aniunge mkono, ndiye aliyeleta karatasi za kukata vipande vya kupigia kura. Sasa taarifa ya habari naisikiliza Jumatano tu. Siku nyingine nasikiliza mashindano ya kwaya.

6. Hapo ndipo tunafika kwako, Mheshimiwa. Tarehe 12 Machi ulitarajiwa saa moja na nusu. Gari lako lilisimama langoni saa moja na dakika arobaini na nne. Dereva wako alishusha kioo akaniuliza, "Mzee, unamjua huyu?" Nilikujua vizuri sana. Nilikumbuka ule wino mwekundu. Nikalitafuta jina lako kwenye barua ya baraza, na sikuona pengine pa kukuweka. Ndipo nikamjibu, "Namjua. Ni kila mtu."

Ulikaa katikati ya watoto wawili. Nilikuletea gazeti la wiki iliyopita, jambo ambalo sikuwafanyia wale wengine, na naomba lihesabiwe katika utetezi wangu. Mmoja alikuuliza uko darasa la ngapi, ukafunua gazeti. Kwenye daftari uliandika "Foleni," na sikukuuliza ni foleni gani, ingawa barabara yetu haina magari hayo. Saa mbili na dakika ishirini kamili nilifungua lango na kukupigia saluti.

Hotuba yako ilikuwa na kurasa kumi na moja, ulisoma moja tu, na wanafunzi walipiga makofi mpaka vumbi likatoka kwenye mapazia. Wewe ulidhani wanakudhihaki. Hapana, Mheshimiwa. Mwalimu wa uraia aliniambia katika miaka yake yote ya kufundisha hajawahi kuona somo la usawa likieleweka haraka vile. Nasema hili kwa masikitiko.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Sheria iondolewe yote, au irudishwe ilikotoka ikapumzike.

(b) Ikishindikana, baada ya maneno "kila mtu" yaongezwe maneno "isipokuwa wanaojulikana." Wanaojulikana nitawaorodhesha mimi, maana ndimi ninayewajua.

(c) Jedwali la Dakika za Heshima lirudishwe. Kuonyesha kwamba siko nyuma ya wakati, nitamwongezea mtoto wa fundi viatu dakika mbili. Wale wa sifuri nitawapa nusu dakika, tuone wataitumiaje.

(d) Nisifukuzwe kazi. Hili ndilo hasa, Mheshimiwa. Ninajua kazi moja tu, kufungua na kufunga, na nina umri ambao hakuna anayeajiri mtu wa kujifunza nyingine. Mama watoto kila jioni ananitazama mkononi kuona kama imekuja barua ya pili. Kumbuka kwamba siku watu thelathini na moja walipoinua mikono ili wewe ukae benchi kama wengine, ni mkono mmoja tu uliobaki chini kwa ajili yako. Muhtasari wa kikao upo. Utafukuzaje mtu wako wa mwisho?

Nakutakia kazi njema. Nisalimie katibu muhtasi wako aliyeipiga chapa barua ya kutaka kunifukuza bila kosa hata moja la tahajia. Dereva wako, aliyekaa benchi kwa hiari yake ili usijione mpweke. Mlinzi wa lango la ofisi yenu, ambaye simjui lakini namwonea huruma. Na wote nyumbani kwako, kila mmoja kwa cheo chake.

Wako mtiifu kupita kiasi,

Mlinda Lango.

N.B. Tarehe 21 Machi. Barua hii nilikuwa nimekwisha kuifunga, imenibidi niifungue kwa mvuke wa birika. Kumbe Sheria hiyohiyo ina kifungu cha ishirini na mbili, kinachosema mfanyakazi wa shule hafukuzwi kwa kutekeleza azimio la baraza, mpaka baraza limsikilize na kupiga kura, na kwamba ana haki ya kuchagua wa kumsemea. Sikukijua, kwa sababu Sheria nilikuwa naisoma kwa hasira na niliishia kifungu cha tisa. Aliyekuja kunionyesha ni yule binti wa fundi viatu, nami nikamchagua yeye.

Baraza limeketi leo asubuhi. Alisimama akasema dakika nne, akakaa. Nimeshinda thelathini na mbili kwa sifuri. Kura ya thelathini na mbili niliipiga mwenyewe, na nakiri kwamba safari hii kura moja niliiona inatosha kabisa kwa mtu mmoja. Baadaye nilimuuliza kwa nini ananitetea mimi, na niliyomfanyia anayajua. Akasema, "Mzee, ukifukuzwa wewe, ataletwa mwingine na jedwali lake. La kwako tumeshalichana."

Kwa hiyo, Mheshimiwa, malalamiko namba moja hadi sita, pamoja na maombi (a) hadi (c), yachukulie kama hayakuandikwa. Ninakusihi usiiguse Sheria hii, hata nukta yake moja, mpaka nitakapostaafu, miaka minne na miezi saba kuanzia leo. Baada ya hapo, atakayeshika funguo atajijua.