Mwalimu wa Samasoti na Gunia la Korosho

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. (Na hayo si maneno tu. Ngojeni mtasikia.) Nipisheni kwanza. Hapana, kigoda sikitaki, tandikeni mkeka nilale ubavu. Kukaa ndicho hasa nisichoweza.

Ninyi walimu wenzangu mmeponea kwenye semina yenu ya Kisarawe. Mimi mkaniachia kijiji kizima cha Kibuta, na Katibu wa Tawi la chama, na gari la sinema, na Bibi Mwanaidi. Nimechoka. Nilishachoka tangu asubuhi, kabla hata hayajanikuta.

Shida yangu mnaijua: Zuhura wa darasa la nne. Yule anayepiga samasoti kutoka mlango wa ofisi mpaka mlingoti wa bendera halafu anauliza kama arudi hivyo hivyo. Watoto wa halaiki, wale wa maonyesho ya viungo uwanjani, wanaingia kambini Kibaha Jumatatu, na mwalimu wao wa huko kambini aliyepangwa na mkoa ni mimi, Mungu anisamehe. (Waliuliza mkutanoni nani ana uzoefu wa mazoezi ya viungo. Nikaonekana nimenyoosha mkono. Nilikuwa najipepea!)

Wazazi wote walishakubali. Aliyebaki ni bibi yake Zuhura, Bibi Mwanaidi, aliyemlea tangu anyonye, na neno lake ndilo neno. Amekataa katakata. Na mtoto mwenyewe wiki nzima hali vizuri. Kila asubuhi ananingoja getini, "Mwalimu, bibi kasemaje?" Nami kila asubuhi namdanganya kwamba bibi anafikiri. Inaniuma, nyie.

Basi Katibu akasema, "Tuwaonyeshe wazee sinema. Wakiona kwa macho yao wataelewa." Gari la sinema likaja leo. Yule dereva wake, tunayemwita Bwana Sinema, akafungua sanduku, akakuna kichwa. Ya halaiki hana, na hata ile ya kilimo bora cha korosho ameisahau Kisarawe. Iliyobaki ni moja ya Kizungu, ya kuangalia na familia: mtoto wa kike anafanya mazoezi ya viungo, halafu anapelekwa kwenye kambi ya farasi.

"Ina mtoto, ina mazoezi, ina kambi," akaniambia. "Unataka nini tena, Mwalimu?"

"Wewe umeiangalia yote?"

"Mimi? Mimi naangalia mashine."

Saa nane mchana tukaingia ghala la korosho la kijiji. Madirisha yamezibwa kwa mablanketi ili pawe giza. Joto lile! Watu wamekaa juu ya magunia, shuka jeupe limetundikwa ukutani, jenereta linanguruma nje. Bibi Mwanaidi yuko mbele kabisa, amemshika Zuhura mkono usije ukamponyoka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, tuonyeshe huko unakotaka kunipelekea mtoto."

Nikapewa kipaza sauti nitafsiri. Na hapo ndipo nilipojichimbia. Sinema sijaiona, lakini badala ya kungoja picha nikawa natangulia mbele yake!

Mwanzo ulikuwa mzuri, nisiseme uongo. Yule mtoto wa Kizungu akapiga samasoti juu ya ubao mwembamba, akatua wima. Ghala zima, "Aaah!" Zuhura akawa amesimama bila kujijua. Nikapata moyo.

"Sasa anakwenda kambini," nikatangaza. "Mnaona wazazi wanavyomsindikiza kwa furaha?"

Mama wa mtoto akaangua kilio.

"Ni furaha imezidi," nikasema. "Na huko kambini watoto wanakula vizuri sana."

Mtoto akasukuma sahani mbali, akanuna.

"Ameshiba," nikasema. "Na zaidi ya yote, ndugu zangu, kambini watoto wanaangaliwa. Hakuna anayeumia."

Sijafunga mdomo, farasi akamrusha. Lile pandikizi la mnyama likainua miguu ya mbele, mtoto akaenda hewani, akatua topeni. Watu wote, "Yalaaa!" Mzee mmoja nyuma akaanza kusoma dua.

"Atapona! Subirini, atapona sasa hivi!" nikapiga kelele kwenye kipaza sauti. Picha iliyofuata, mtoto yuko kitandani, mkono wote umefungwa plasta. (Si ningenyamaza? Nani alinituma?)

Bibi Mwanaidi akasimama. Kivuli chake kikajaa shuka zima.

"Zima mashine yako, baba. Nimeona ya kutosha."

"Bibi, Kibaha hakuna farasi," nikasema.

"Na huyu aliyemvunja mwenzake mkono ni nani?"

"Huyo ni wa Ulaya, Bibi."

"Umetuita tuione Kibaha, unatuonyesha Ulaya?"

Watu wakacheka. Mablanketi yakaondolewa, mwanga ukaingia, nikamwona Zuhura. Analia. Si kile kilio cha watoto cha kupiga mayowe, ni kile cha kumeza, macho yako chini. Nikajisikia vibaya, jamani. Akili ikaniruka hapo hapo.

"Bibi, nisikilize," nikasema. "Kibaha hawapandi mnyama. Wanaruka juu ya boksi tu, limetulia, haliumi, halirushi mtu. Ni kama hivi." Nikawaomba vijana wapange magunia ya korosho matatu pale katikati.

"Niruke mimi, Mwalimu?" Zuhura akachangamka.

"Keti!" Bibi akamshika tena. "Aruke huyo anayesema haliumi."

"Mimi?"

"Kwani nimemtazama nani?"

Ghala zima likapiga makofi. Katibu naye, mtu mzima, akapiga makofi!

Sasa nieleweni. Mgongo wangu mnaujua, hata kuchuma mchicha nachuma nimekaa. Lakini mtoto ananitazama. Nitasemaje? Nilikuwa na blauzi, na khanga kiunoni, na chini ya khanga nimevaa bukta kwa sababu nilitoka moja kwa moja kwenye mazoezi. Bukta yenyewe hamjawahi kuiona, na nilipanga msiione mpaka nife. Nguo zimeadimika, duka la kijiji lina viberiti tu. Nikaishona kwa mfuko wa ule unga wa yanga, wa mahindi ya njano ya msaada kutoka Ulaya. Nilifua nikafua, maandishi yake ya Kizungu yakagoma kutoka. Nikasema potelea mbali, nani atayaona?

Nikarudi nyuma mpaka ukutani. Nikavuta pumzi. Nikakimbia.

Khanga ikabaki njiani. Mimi nikaendelea.

Nikafika kwenye magunia, nikaweka mikono vizuri kabisa kama ninavyowafundisha watoto, nikajirusha... na mgongo ukakataa. Pale pale, juu ya gunia, nimelikalia kama yule mtoto juu ya farasi wake. Ingekuwa heri ningebaki huko. Gunia la juu likaserereka taratibu, nami juu yake nasema "Jamani! Jamani!" mpaka nikaishia kifudifudi miguuni pa Katibu, makalio yanaangalia dari.

Korosho zinamwagika tu, moja moja.

Halafu sauti ya mama mmoja, kwa upole kabisa: "Mbona kuna maandishi?"

Na Bwana Sinema, ambaye tangu afike hakuwa amemtafsiria mtu hata neno, leo ndiyo akaona afanye kazi! Akainama. Akaokota kipaza sauti nilichokiacha. Akasoma taratibu, kijiji kizima kikasikia mpaka barabarani:

"Imeandikwa hivi. Zawadi hii si ya kuuzwa wala kubadilishwa."

Weee! Watu walianguka kutoka kwenye magunia. Yule mzee wa dua alikuwa anafuta machozi kwa kofia. Katibu alikuwa anatetemeka juu yangu, ameuma midomo. Hata Zuhura alicheka, machozi bado yako mashavuni.

Asiyecheka alikuwa mmoja tu. Bibi Mwanaidi aliokota khanga yangu, akaikung'uta vumbi, akanifunika mwenyewe.

"Pole, mwanangu," akasema. "Umeumia?"

"Kidogo, Bibi."

Akanitazama pale chini. Akayatazama magunia. Akamgeukia Katibu.

"Mimi nilikuwa sitaki, na mlijua sitaki. Lakini nilidhani mtoto hapa ana mwalimu. Kumbe masikini ya Mungu, mwalimu mwenyewe ndiye huyu! Mtoto akibaki naye atavunjika shingo. Mpelekeni Kibaha akafundishwe na mtu anayejua."

Zuhura hakungoja mara ya pili. Alitoka mbio, akaruka yale magunia, akapiga samasoti hewani, akatua wima kama mlingoti. (Ndiyo. Magunia yale yale.) Bibi yake akapiga kigelegele. Mimi nikapiga makofi nikiwa nimelala, na sikuona aibu kulia kidogo, maana nilifurahi kweli.

Sasa Katibu, na ukweli wake usio na breki, akafungua mdomo. "Ila, Bibi, mwalimu wa huko Kibaha si ndiye..."

Nilikuwa bado sakafuni, karibu na mguu wake. Nikamfinya.

"...ndiye mtaalamu!" akamalizia.

"Al-hamdulillahi," akasema Bibi.

Kwa hiyo Jumatatu naondoka alfajiri, kabla ya lori la watoto, na khanga nimejifunika mpaka puani. Chekeni, chekeni tu, lakini mmoja wenu anikande huu mgongo, na Bibi Mwanaidi akipita hapa, mwalimu wa Kibaha hamumjui.