Mkataba wa Minazi ya Bi Batuli

Jumatatu, 29 Desemba

Leo nimeingia rasmi katika biashara ya kisasa. Kalume Huduma za Miti, Malindi. Tunakata, tunapogoa, tunang'oa visiki. Tunao hata msumeno wa injini! Kusema kweli ni wa Haroun wa duka la vifaa, lakini mpaka Jumamosi saa sita mchana ni wangu. Kuukodi ni elfu sita. Haroun alitaka amana, nami nikamwachia cherehani ya mke wangu, Kache. Saa sita ikipita sijalipa, anaiuza.

Kache ana oda ya sare kumi na nne, na shule zinafunguliwa Jumatatu ijayo. Nimemwambia cherehani iko kwa fundi, ilikuwa inalia. Akasema yeye hajaisikia ikilia. Nikamwambia masikio yake yameizoea. Jioni akasema kuanzia kesho atakuwa anashinda Matsangoni kwa dada yake. Afadhali, maana maswali yake yananipa joto.

Mpinzani wangu Sanga hana hata karatasi moja. Anachukua nusu ya pesa kabla ya kupanda. Akifika juu, anajikalia kwenye makuti, anampigia mteja simu atume nusu ya pili, na hakati kitu mpaka asikie ujumbe umeingia. Ushamba mtupu! Mimi nitafanya kazi kwa mkataba.

Jumanne, 30 Desemba

Mteja amepatikana! Bi Batuli, mjane, karani mstaafu wa mahakama, nyumba yake iko njia ya Ganda. Minazi imeegemea paa, na mwezi uliopita nazi ilitoboa bati. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu. Tukapatana elfu tatu kwa kila mnazi, pesa kazi ikiisha. Alipoingia ndani kunitengenezea chai, nikahesabu mwenyewe. Minazi saba kiwanjani. Elfu ishirini na moja! Sikuona haja ya kumsumbua mama wa watu kwa hesabu.

Kisha mkataba. Cynthia wa saiba alikuwa na mkataba wa kupanga nyumba kwenye kompyuta, kurasa tatu, vifungu kumi na sita. Nikamwambia palipo na mwenye nyumba aandike mteja, palipo na mpangaji aandike mkandarasi. Dakika mbili tu! Chini nikaongeza kifungu changu: mkandarasi atakata minazi ya mteja, na magogo yote yatakuwa mali ya mkandarasi. Mbao za mnazi zina soko siku hizi. Cynthia aliuliza kama nitausoma kabla hajauchapisha. Nikamwambia mkataba ni wa mteja kuogopa, si wa mimi kusoma.

Bi Batuli alivaa miwani, akausoma mara mbili. Ukurasa wa pili midomo ikamchezacheza. Akaniuliza kama mimi mwenyewe nimeusoma. Nikamwambia nimeuandika mwenyewe, Mama. Akasema haya, akatia sahihi upesi sana.

Jumatano, 31 Desemba

Balaa.

Nilianza na mnazi mwepesi kuliko yote. Shina lake lilikuwa limechongwa vidato tangu chini hadi juu, kama ngazi. Zawadi! Kule juu nikakuta kibuyu kimefungwa. Nikaonja. Tembo, tena tamu! Sikujiuliza Bi Batuli, asiyekosa sala hata moja, ana shughuli gani na tembo. Nilikimaliza kibuyu, nikaufunga mnazi kamba, na saa nne ulikuwa chini bila kugusa paa.

Saa nne na robo akaingia mzee Kitsao, mgema, ameshika kisu cha kugemea. Akautazama mnazi. Akanitazama mimi. Akakitazama kibuyu. Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Kaloleni. Akaniuliza tena, kwa sababu hakuamini.

Kumbe marehemu mume wa Bi Batuli alimwekea Kitsao minazi miwili rehani miaka minane iliyopita, akafa hajaikomboa. Kiwanja ni cha Bi Batuli. Minazi hiyo miwili ni ya Kitsao mpaka pesa yake irudi, na mmojawapo, ule wa vidato alivyovichonga mwenyewe, ndio uliolala miguuni pangu. Mimi, mtoto wa Kaloleni! Kwetu hata mtoto wa chekechea anajua kwamba mwenye shamba si lazima awe mwenye mnazi. Marehemu babu angenichapa.

Bi Batuli akatoka nje. Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba jana nilimuuliza bei, na siku, na kama chai ina sukari. Minazi ni ya nani sikuuliza. Kazi ikasimama hapo hapo. Sanga alikuwa barabarani juu ya bodaboda, akanipiga picha, na sasa nimo kwenye stetasi yake ya simu, mimi na kibuyu.

Alhamisi, 1 Januari

Mwaka mpya. Kikao barazani kwa Bi Batuli. Kitsao anadai mnazi wake.

Nilikwenda nimejiandaa. Nikautoa mkataba na kusema kwamba kwa mujibu wake nastahili kulipwa nusu, maana kazi haikusimama kwa kosa langu. Bi Batuli akaniomba nimsomee kifungu cha pili. Nikasoma. Mkandarasi atamlipa mteja amana ya miezi miwili kabla ya kuingia. Nikakohoa. Akasema cha saba. Mkandarasi atagharimia uharibifu wowote wa mali ya majirani. Kitsao akasogeza kiti. Cha kumi. Mkandarasi hataruhusiwa kufuga mbuzi. Hicho angalau sijakivunja! Cha kumi na tatu. Mkandarasi atapaka rangi kuta zote kabla ya kuondoka.

Nadaiwa na mteja wangu mwenyewe. Na kifungu changu cha mwisho, nilichojivunia, kinasema minazi ya mteja, na ya mteja ni mitano.

Hapo nikavunjika. Nikasema yote: cherehani, sare kumi na nne, fundi asiyekuwako. Nililia kidogo. Kiasi gani, siandiki.

Bi Batuli akavua miwani. Akasema miaka thelathini mahakamani hajaona mtu aliyejishtaki mwenyewe kwa karatasi aliyoilipia. Akauchana mkataba vipande vinne. Nikate mitano yake, anilipe elfu kumi na tano. Magogo yote yaende kwa Kitsao kufidia mnazi. Na ukuta wa mbele nitaupaka rangi, kwa sababu kifungu kile alikipenda. Kitsao akasema, na kibuyu cha tembo. Tukapeana mikono, basi, yamekwisha. Mungu wangu, nilipumua kwa mara ya kwanza tangu jana.

Ijumaa, 2 Januari

Minazi mitano chini. Paa zima. Kabla ya kila mnazi niliuliza kwa sauti ni wa nani. Mara ya nne Bi Batuli alifunga dirisha.

Mvua iliniharibia asubuhi, nikamaliza magharibi. Pesa ziliingia kwenye simu kabla sijafungua kamba kiunoni. Duka la Haroun lilikuwa limefungwa. Sijui kama nitalala.

Jumamosi, 3 Januari

Nililala mpaka saa tano! Nikatoka mbio na msumeno begani, watu wananipisha njia. Saa tano na nusu nikaingia kwa Haroun, nikaangalia rafu ya amana. Cherehani haipo.

Nikaketi juu ya mfuko wa simenti. Nikaanza kutunga maneno ya kumwambia Kache.

Ndipo nikaisikia. Cherehani, uani, inakwenda mbio, wala hailii.

Kache alikuwa ameketi chini ya kibanda, na Swabra, mke wa Haroun, anapiga pasi. Sare kumi na tatu zimekunjwa, ya kumi na nne iko chini ya sindano. Swabra alimwambia Kache yote siku ile ile ya Jumatatu. Haroun amekula kiapo kwamba hakuwa na nia ya kuiuza. Alitaka tu niurudishe msumeno wake kwa wakati. Na hiyo Matsangoni ya kila siku ilikuwa hapa uani.

Kache hakunigombeza. Aliniuliza tu fundi hajambo. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kwa raha, jamani, kwa raha tupu! Nikalipa elfu sita, nikaibeba cherehani kichwani mpaka nyumbani, naye nyuma na sare zake. Njiani nimeapa. Sitaweka tena kitu cha mke wangu amana. Sitatia sahihi nisichokisoma. Sitagusa mnazi wa mtu.

Jumanne, 6 Januari

Ukuta wa Bi Batuli umekwisha, rangi ya maziwa, umependeza. Na kazi mpya imeingia! Mnazi mmoja, karibu na soko. Mwenye kiwanja ana haraka, nami sikumchosha kwa maswali. Shina limechongwa vidato vizuri kabisa, kupanda itakuwa rahisi.

Safari hii si mkataba wa nyumba, nimejifunza. Cynthia amenitolea wa kukodisha magari ya harusi, kurasa mbili tu. Nitausoma nikipata nafasi.

Haroun amenipa msumeno tena. Cherehani sikuigusa, nimeapa. Nimemwachia jiko la gesi la Kache, na Kache mwenyewe nimemwambia liko kwa fundi.