Taa Tatu za Usalama na Mizinga ya Shemeji

Jumatatu, 4 Agosti

Habari kubwa! Serikali inatoa ruzuku. Mkuu wa kijiji ametangaza mkutanoni: kila kijiji cha bonde hili la Luangwa kilete mradi mmoja, wa mazingira au wa usalama wa watu. Mmoja tu. Ijumaa afisa anakuja kutazama mwenyewe.

Nilisimama kabla mtu mwingine hajakohoa. Nikapendekeza taa tatu za sola pale njia panda. Nikaeleza kwa uchungu jinsi watu wanavyokumbana na tembo gizani. Mkuu wa kijiji akauliza njia panda ipi. Nikasema ile yenye duka. Akauliza duka la nani. Mkutano mzima ukacheka.

Wivu! Ni kosa langu mimi, Yelesani Njobvu, kuwa na duka panapopita watu? Taa zikiwaka wateja watakunywa pombe yangu hadi usiku wa manane, kweli, lakini hiyo ni baraka ya ziada tu.

Kisha akasimama shemeji Tisauke, dada mkubwa wa mke wangu, kiongozi wa kikundi cha akina mama. Yeye anataka uzio wa mizinga ya nyuki kuzunguka bustani za mtoni na maghala ya mahindi. Ati tembo humkimbia nyuki. Akawakumbusha watu ghala la bibi Malita lililobomolewa na tembo, na bibi wa watu sasa anakula kwa majirani. Vigelegele! Vya nyuki!

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda kwa shemeji na sukari na sabuni ya kunukia. Nikamwomba kwa upole aahirishe nyuki hadi mwakani. Akanishukuru sana. Akachemsha chai, akaita kikundi kizima, wakainywa na sukari yangu mbele ya macho yangu. "Tamu kweli, shemeji," akasema. "Lakini mizinga iko palepale."

Mke wangu Zelesi alikuwa miongoni mwao. Akaongeza sukari mara mbili. Kumbe nalala na upinzani.

Jumatano, 6 Agosti

Nimefikiri. Afisa atataka ushahidi wa hatari. Aibu ni kwamba hakuna tembo aliyewahi kukanyaga dukani kwangu. Wote huenda bustanini, washenzi.

Basi nitawasaidia. Nimechukua ndoo, nikaigandamiza kitako kwenye vumbi nyuma ya duka. Wayo wa tembo mtupu! Nikapiga nyayo hadi ukutani. Jirani yangu Masauso akapita, akainama, akauliza kama tembo huyu anaruka kwa mguu mmoja. Nikamwambia ashike hamsini zake. Alipoondoka nikaongeza safu ya pili.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeleta kinyesi halisi cha tembo, gunia zima, kutoka njia ya mtoni. Mgongo unauma. Nimepasua maboga nikayatawanya ukutani, yaonekane yameliwa. Zelesi akauliza nsima, ugali wetu wa leo, tutaila na nini. Nikamwambia maendeleo yana gharama. Mwisho nikamwaga machicha ya pombe juu ya maboga, ili ushahidi unukie.

Unanukia! Nimejipongeza kwa chupa moja.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika kwa taabu. Macho yanawasha.

Bi Choolwe, afisa wa ruzuku, alifika asubuhi. Mama mpole, viatu vizuri. Nikamwahi kabla ya shemeji, nikampeleka nyuma ya duka. Nikamwambia mnyama huja kila siku ya Mungu. Akachuchumaa akazitazama nyayo. Akauliza mbona tembo huyu ana chapa ya kiwanda chini ya mguu. Nikasema labda ni kovu.

Hapo ndipo nikasikia mtu anapumua nyuma yangu. Mtu mkubwa sana.

Tembo! Wa kweli! Bi Choolwe aliruka ukingo wa barabara kama swala, akakimbilia kwa akina mama. Mimi nikajitupa ndani ya duka, chini ya kaunta. Nikasikia maboga yanatafunwa. Machicha yakanyonywa. Kisha ukuta ukalia krrak! na mkonga ukaingia kutafuta gunia la unga. Nikamkumbusha kwamba ukoo wangu ni Njobvu, yaani tembo, kwa hiyo sisi ni ndugu. "Ndugu yangu, ni mimi!" Akapuliza pua. Kofia yangu ikapeperuka.

Niliogopa kweli. Nilimwita Zelesi. Nadhani nililiita hata jina la mama.

Ndipo masufuria yakaanza kupigwa. Shemeji Tisauke mbele, na mkebe wa makaa, pilipili na kinyesi kikavu, moshi unafuka kama treni. Akina mama wote nyuma yake, Zelesi akipiga kelele kuliko wote. Tembo akapiga chafya, akageuka, akaondoka na unga wangu.

"Toka, shemeji," Tisauke akasema. "Mzee ameshiba."

Nikatoka nalia. Ni pilipili.

Bi Choolwe akarudi anahema. Akaanza tena ile habari ya nyayo zenye chapa. Ndoo ilikuwa palepale, miguuni pa shemeji. Nikajua nimekwisha. Shemeji akaitazama ndoo. Akanitazama. Kisha akaigeuza, akaikalia, akatandaza kitenge chake. "Mama afisa," akasema, "tembo wa huku wana miguu ya kila namna."

 

Jumapili, 10 Agosti

Mizinga imeshinda. Uzio utaanzia kwa bibi Malita, halafu bustani zote, halafu, shemeji amesisitiza, ukuta wa nyuma wa duka langu. Akina mama walikuja baada ya ibada na udongo, wakaziba tundu la ukuta huku wakiimba wimbo wa mwanamume mwenye undugu na tembo. Wimbo mrefu. Zelesi ndiye aliyetunga.

Nimewagawia soda. Bure! Macho yaliniwasha tena nilipomwona bibi Malita anakanyaga udongo wa ukuta wangu. Bado ni pilipili.

Jumanne, 12 Agosti

Nimejifunza somo kubwa. Sitasahau.

Mkuu wa kijiji anasema Bi Choolwe atarudi mwezi ujao na ruzuku nyingine: ya sehemu salama ya kuteka maji, mbali na mamba. Na mimi nina kiwanja kizuri mtoni, panapofaa kibanda cha chai. Tatizo ni kwamba upande ule hauna mamba hata mmoja.

Kosa langu lilikuwa harufu. Harufu huita mnyama wa kweli. Gogo halinuki.

Zelesi ameuliza mbona nimerudi na shina zima la mti. Nimemwambia ni kuni. Mkia tayari nimeuchonga. Umetoka vizuri sana.