Kinanda cha Mzee Pradip na Mtani Wangu wa Redioni

Jumatatu, 9 Juni 2025

Redio ya mjini inatafuta mtangazaji wa kipindi cha muziki cha Jumamosi. Kazi yangu hiyo! Miaka yote hii niko kibandani Isevya nawawekea watu nyimbo kwenye simu. Nani anaujua muziki wa Tabora kuliko mimi? Nikiikosa hii, nitazeekea kibandani nikirusha nyimbo za harusi za wenzangu.

Nimekwenda kumwona mkurugenzi, Bi Dafrosa. Mama wa miwani, hacheki ovyo. Nikamuuliza ametokea wapi. Akasema amehamia kutoka Morogoro. Mluguru! Mtani wangu kabisa. Mababu zetu Wanyamwezi walipita kwao na mizigo wakienda pwani, na tangu enzi hizo Mluguru na Mnyamwezi wanatukanana hadharani, hata msibani, na hakuna anayekasirika. Nikamwambia hapo hapo kwamba yeye ni mali ya ukoo wetu, babu yangu alimwacha njiani kwa sababu ya ulafi. Alivua miwani akaifuta. Kisha akasema kama sina kipindi cha majaribio cha kumletea Alhamisi, nimpishe ana kazi. Huyu mama anaujua utani! Hata tabasamu hakutoa.

Tatizo ni Mathias. Naye ameomba. Mathias wa sauti ya asali, anayesoma matangazo ya misiba kanisani mpaka wafiwa wanamshukuru.

Jumanne, 10 Juni

Usingizi haukuja. Nimelizunguka soko asubuhi nzima nikitafuta wazo, mpaka muuza dagaa akaniuliza nimepoteza nini. Kipindi juu ya nini? Mathias lazima anacho tayari, kimepigwa pasi.

Mchana nikafungulia nyimbo mbili kwa pamoja, bahati mbaya tu. Kwenye spika ilikuwa kwaya ya Moravian ya Itetemia, ile ya Mama Josepha, wimbo wa siku ya hukumu. Kwenye simu ya mteja alikuwa Dogo Reli wa Kaliua, na yeye huimba viuno tu. Zikaenda sambamba! Pigo kwa pigo. Nikaongeza taarabu ya Bi Sultana, ile ya kumsuta jirani. Nayo ikaingia humo humo. Mteja akaomba nimwekee zote tatu, zikiwa zimechanganyika vile vile.

Kwaya, taarabu na bongo fleva, ndugu wa tumbo moja, na wenyewe hawajijui! Nimefunga kibanda mapema. Mtu anawezaje kutulia na jambo kama hili?

Jumatano, 11 Juni

Siri iko dukani kwa Mzee Pradip. Mbele anauza vitambaa, nyuma anakodisha vyombo vya muziki. Nikamwamkia, nikamuuliza nani wanaokodi kinanda chake. Akasema wote. Kwaya hukichukua, Bi Sultana hukichukua, Dogo Reli akishuka na treni kuja kurekodi naye hukichukua. Lakini kilianguka kutoka kwenye bodaboda kikipelekwa harusini, na tangu siku hiyo kinapiga mdundo mmoja tu. Ukibonyeza rumba, mdundo ule. Ukibonyeza chakacha, mdundo ule ule. Mzee wa watu akanisihi nisimwambie mtu, maana kila mteja anaamini mdundo ule aliuchagua mwenyewe. Nikamwapia, huku nikipanga nitakavyowaambia watu wote.

Mpango ni huu. Nawaalika wote watatu studio, na kila mmoja namwambia ndiye mgeni pekee. Mama Josepha aliuliza kama studio ni mahali pa heshima. Nikamhakikishia. Bi Sultana alisema yeye hachangii kipaza sauti na mtu. Nikamwambia atakuwa peke yake kama mwezi. Dogo Reli aliuliza kama kutakuwa na soda.

Jioni nimekutana na Mathias. Akanishauri nipunguze mdomo kwa Bi Dafrosa. Eti si Mluguru, ni Mhaya wa Kamachumu, Morogoro alikuwa kikazi tu, na ameanza kulalamika juu yangu. Wivu mtupu! Anaona nina mtani pale ndani na yeye hana.

Alhamisi, 12 Juni

Siku gani hii! Mgeni wa kipindi cha kilimo hakutokea, Bi Dafrosa akaamua majaribio yangu yaende hewani moja kwa moja. Mathias akapewa kazi ya kuangalia mitambo. Nikaanza kwa kumsalimia mtani wangu, nikiwaeleza wasikilizaji kuwa tulimnunua mkurugenzi wao kwa kibaba cha chumvi. Kisha nikaingiza wageni. Walipoonana, Bi Sultana akakivuta kipaza sauti kwake. Nikapiga nyimbo zote tatu kwa pamoja.

Mama Josepha akasema mdundo ule alipewa katika maombi. Bi Sultana akajibu kwamba basi aliyempa alikuwa amejibanza dirishani kwake siku ya mazoezi ya taarabu. Dogo Reli akatishia wakili. Moto umewaka vizuri, nikaongeza kuni. Nikataja kinanda. Nikataja na duka. Hapo wale mama wawili wakaelewana kwa mara ya kwanza, wakanigeukia mimi, na mkoba wa Mama Josepha una kitabu cha nyimbo ndani. Nikaingia chini ya meza.

Nikiwa kule chini nikamsikia Mathias anakaa kwenye kiti changu. Akawaomba radhi wasikilizaji, akawasihi wageni waimbe, kila mtu wimbo wake, kwa wakati mmoja. Mama Josepha akaanza. Bi Sultana akaitikia. Dogo Reli akaviacha viuno kwa heshima ya wakubwa. Jamani! Ilikuwa nzuri mpaka machozi yakanitoka, nimekumbatia mguu wa meza. Kilikuwa kitu changu kile, na hakuna aliyekuwa ananiona. Niliumia sana.

Wageni walipoondoka, Bi Dafrosa akainama akanitazama. "Kipindi nimekipata," akasema. "Mtangazaji ni Mathias. Wewe Adriano usikanyage tena hapa."

Kwanza nikaamini. Halafu nikakumbuka ni nani anayesema. Nilicheka mpaka mlinzi akaja kunishika mkono. Utani wa viwango vya juu!

Jumamosi, 14 Juni

Bi Dafrosa haachi. Leo kamweka Mathias hewani kweli, na wale wageni wangu, ili mzaha ukamilike. Nimesikiliza dakika chache nikashindwa kuvumilia. Mtani akikuzidi, lazima umjibu, na jibu la utani si maneno. Unachukua kitu cha mwenzako, unakishikilia mpaka aje akikomboe kwa kicheko na kuku.

Nimechukua kiti chake cha ofisini, kile chenye magurudumu. Mlinzi alikuwa anasikiliza kipindi, hata hakugeuka. Nimekisukuma mpaka Isevya, watu wakinishangilia njia nzima. Ni kiti kizuri sana, kinazunguka pande zote.

Wamefika! Mtani mwenyewe hakuja, kawatuma mgambo wawili na askari mwenye pingu. Kuku sioni. Nimewaomba wasubiri kidogo nivae shati jeupe, maana huyu mama akitaka kumpa mtu mkataba, inaonekana hivi ndivyo anavyomwita.