Kozi ya Utatuzi wa Migogoro na Maksai Mmoja Aliyebaki Zizini

Samuye, Shinyanga
23 Novemba

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kupitia Upya Maelezo ya Kozi

Ndugu Mwenyekiti,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi, nimeshapokea ya kwako.

Nilisikia redioni kwamba chuo chenu kinapitia upya maelezo ya kozi na masharti ya kuzisoma, na kwamba wazazi ni wadau, tulete maoni. Mimi ni mzazi. Binti yangu Hosiana yuko kwenu mwaka wa pili, anasoma Maendeleo ya Jamii. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba, nikabeba mawe kwenye mashimo ya Geita, na leo nina mashine ya kusaga pale Kambarage na shamba hapa Samuye. Nayasema haya mjue kwamba sina ugomvi na elimu. Ugomvi wangu ni na MJ 214, Utatuzi wa Migogoro katika Jamii, uniti tatu.

Kijitabu chenu kinasema: "Mwisho wa kozi hii, mwanafunzi ataweza kupatanisha pande mbili zinazogombana." Kwangu mimi hiyo ni ahadi. Mashine yangu iliandikwa kwamba inakoboa na kusaga. Ingekoboa tu, ningemrudishia aliyeniuzia. Basi Hosiana alipokuja likizo na alama A ya kozi hiyo, nikampa kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Mimi na mdogo wangu Luka tuna maksai wawili, mwekundu wake na mweusi wangu. Wanafungwa nira moja, tunalima kwa zamu. Msimu uliopita zamu ya kuanza ilikuwa yangu. Naamka alfajiri, zizi tupu. Kumbe Luka kawapeleka wote wawili kulima shamba la mama mkwe wake. Tangu siku hiyo hatusemeshani. Alimchukua mwekundu wake, nikabaki na mweusi. Sasa piga hesabu: maksai wawili wanamaliza ekari moja kwa siku. Maksai mmoja hamalizi nusu ekari. Anakula tu. Na mvua ziko mlangoni.

Malalamiko yangu:

1. Maelezo ya kozi hayasemi mwanafunzi atapatanisha kwa faida ya nani. Anayemsomesha Hosiana ni mimi. Luka hajawahi kumnunulia hata kalamu. Lakini binti alikataa kusema nani ana haki. Nilimuuliza kwa upole, nikamuuliza tena mbele ya mama yake. Akasema, "Baba, mpatanishi hahukumu." Sasa hiyo A ni ya nini?

2. Sharti la kusoma kozi hiyo mmeandika ni Utangulizi wa Sosholojia. Hakuna mahali panaposema mwanafunzi awe amewahi kushika plau. Napendekeza masharti mapya: awe na ndugu mmoja wa tumbo moja, ng'ombe mmoja na shamba ambalo halijalimwa. Asiye na ndugu, chuo kimwazime. Wa kwangu yupo, na kwa sasa simtumii.

3. Hili ndilo lililonikera zaidi. Hosiana alituita wote wawili, akatukalisha tukitazamana, akasema kila mmoja aeleze kesi ya mwenzake kana kwamba ni yake. Nikawa Luka. Mimi kazi siifanyi nusu, Ndugu Mwenyekiti. Nikasema mama mkwe alikuwa amelazwa, shamba lake lingebaki pori, na mvua haisubiri mgonjwa aruhusiwe. Nikaendelea, "Ningemuomba kaka, lakini kaka ukimuomba kitu anaanza kupiga hesabu." Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu mwenyewe, na mke wangu akaitikia, "Kweli kabisa."

Luka naye akawa mimi. Akasema, "Sikukasirikia ng'ombe. Nilikasirika kwamba majirani wote walijua, mimi kaka mtu nikasimama mbele ya zizi tupu kama mgeni." Alinitetea vizuri kuliko nilivyojitetea mwaka mzima, na hata kikohozi changu alikiiga. Matokeo yake kila mtu alishindwa kesi yake kwa mdomo wake mwenyewe. Chai ikapoa. Luka akaondoka bila kuaga. Mshindi hakuna, faini hakuna, na binti akapanda basi kurudi chuoni.

4. Kwa hiyo naomba maelezo ya kozi yasomeke hivi: "Mwanafunzi ataweza kumtambua mwenye haki, ambaye kwa kawaida ni mzazi wake."

5. Kwa kuwa kozi yenu haikurudisha jozi, chuo kilete maksai wa pili kabla ya mvua. Asimzidi wangu urefu, nira isije ikakaa upande. Rangi sina neno. Kama bajeti hairuhusu, aje mhadhiri wa MJ 214 mwenyewe. Atakula vizuri, na mweusi wangu ni mpole, naye hahukumu mtu; wataelewana.

Nawasalimu wajumbe wote, wapishi wa bwalo, mlinzi wa getini aliyetuelekeza vizuri siku ya kumleta mtoto, na mhadhiri mhusika, pamoja na yote niliyosema. Hosiana aambiwe mama yake hajambo.

Ni mimi mdau wenu, bado nasubiri jozi,
Valerian Maige

Nyongeza: Barua imechelewa. Juzi ilinyesha, na kabla sijafunga bahasha Luka akaingia uani na maksai wake mwekundu, nira begani. Akasema, "Shikamoo, kaka." Nikasema, "Marahaba." Sikumuuliza kitu, maana majibu yake yote nilishayasema mwenyewe. Nikamwambia tu wabeja, asante ya kwetu, akacheka. Barua hii anawaletea yeye. Ameisoma, na anasema namba moja si haki, begi la chuo la Hosiana alilinunua yeye. Ni kweli. Basi MJ 214 msiiguse hata nukta, na mhadhiri abaki na kazi zake. Tumeanza kulima shamba la mama mkwe wake. Aliyesema tuanzie huko ni mimi, na hesabu sikupiga.