Mkono wa Kushoto wa Ayoubu

Kwa Mwalimu Hervé,
Mkuu wa ngoma, fanfare (bendi ya tarumbeta na ngoma) ya mtaa wetu,
Kasongo.

Mwalimu mheshimiwa,

Salamu nyingi. Ninaomba barua hii ikukute umekaa, maana habari zake hazisomeki kwa kusimama. Mimi ni Souleymane, fundi wa nguo hapa sokoni, yule aliyekushonea suruali ya fanfare ukasema imekukaa vizuri. Ni baba yake Ayoubu, mpigaji wako wa ngoma ndogo. Ninakuandikia kwa adabu zote, ingawa adabu ndiyo hasa iliyotuishia nyumbani, na wewe ndiye uliyeimaliza.

Chanzo amenieleza mwanangu mwenyewe. Ulimwambia kwamba akipiga haraka, mawili kulia na mawili kushoto, kulia kunasikika ta-ta na kushoto kunasikika ta-pu. Pigo la pili la kushoto linazimia. Ukasema mkono huo ni mvivu kwa sababu haujawahi kupewa kazi, basi aupe kazi zote za mkono wa kulia mpaka ulingane na mwenzake. Wewe ulikuwa unafundisha ngoma tu. Lakini mwanangu, ambaye hata nikimtuma uzi anarudi na vifungo, safari hii aliamua kutii. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mto. Ulimwagiza afanyie mazoezi kwenye mto, kwa kuwa mto haurudishi fimbo, na hapo kifundo cha mkono kinalazimika kuinuka chenyewe. Vizuri. Mto haupigi kelele, ninakubali. Lakini mto huo ni wangu, na ulikuwa na pamba. Siku hizi ninaamka shingo imepinda upande mmoja, na wateja wanadhani ninaikataa bei kabla hawajaitaja.

2. Ugonjwa umeenea. Mama yake, Aicha, alikuwa anatwanga sombe, majani yetu ya muhogo, kama wanawake wote wenye heshima zao, pigo moja, pumzi moja. Sasa anatwanga mawili mawili, na sombe inafika mezani na majani mazima. Mimi mwenyewe mguu wangu kwenye cherehani umeshika mwendo huohuo. Juzi nimemshonea mheshimiwa mmoja koti lenye mifuko miwili kushoto, na kulia hakuna kitu.

Masikio yetu nayo yameharibika. Kabla yako hatukujua kwamba duniani kuna pigo la pili linalozimia. Sasa nyumba nzima inalisubiri. Ta-ta, ta-pu, na sote tunaacha kula tunasikitika. Nimekuja kujua, bila kuomba kujua, kwamba kosa haliko kwenye kifundo. Kifundo kinaleta pigo la kwanza. La pili linaletwa na vidole, na vile vidole vitatu vya nyuma vya Ayoubu vimelala kama walinzi wa ghala. Tena anaibana fimbo, na fimbo iliyobanwa hairuki. Ingefaa aanze polepole, aanzie kushoto, na lile la pili alipige kwa nguvu kuliko la kwanza. Ninayasema haya kama mlalamikaji, si kama mtu anayejali.

3. Mezani na kwingineko. Kwenu sijui, lakini kwetu mikono iligawiwa kazi tangu mababu. Wa kulia unakula, unasalimia, unatoa na kupokea. Wa kushoto una kazi yake, inafanyika faraghani, pamoja na birika la maji, na haielezwi katika barua. Sasa wa kushoto umekuja mezani. Kwamba wa kulia umekwenda wapi, hilo sitaki kuuliza. Nimelifikiria mara moja tu na nimekonda.

4. Utaratibu wa nchi. Kila mahali pana mkubwa na msaidizi. Msaidizi anabeba mkoba, mkubwa anahutubia. Wewe umeanza kumfundisha msaidizi kupiga sawasawa na mkubwa. Kesho makamu wa mwenyekiti wa soko atataka kiti chenye mgongo. Kesho kutwa watu wa ng'ambo ya kushoto ya Lualaba watadai soko kubwa kuliko letu. Nchi hii imesimama kwa sababu wanyonge wamekubali kuwa wanyonge, na wewe, kwa fimbo mbili na mto wangu, unataka kuiangusha.

5. Kabambare. Hapa kalamu inakuwa nzito.

Tulikwenda mji huo kumposea Ayoubu binti anayeitwa Djamila. Mwanangu anampenda kiasi cha kukaa siku nzima bila kushika fimbo, jambo ambalo hata malaria haijaliweza. Njia ilikuwa matope matupu, pikipiki ikitutupa huku na huku, na kanzu yangu nimeifunga ndani ya mfuko ili ifike nyeupe. Akatupokea baba mkubwa wa binti, mzee Ramazani, mtu anayeheshimiwa hata na mbuzi wa mtaa wake. Djamila akaleta chai. Nilimpenda palepale, ingawa nusu ya chai aliyonimiminia iliingia kikombeni na nusu kwenye kanzu. Shangazi yake, Mama Waridi, akaomba radhi, akasema mkono wa mtoto huyu ni mzito tangu utoto. Nikasema si kitu.

Mzee Ramazani akanyoosha mkono amsalimie mwanangu, na mwanangu akampa wa kushoto. Nikajidanganya kwamba ni woga. Likaja sinia la wali, tukanawa, tukakaa, na mkono uleule ukaingia katikati ya wali, mbele ya mzee, ukachota, ukatoka. Watu wote wakaacha kutafuna. Mzee akauliza taratibu, "Huyu mutoto iko na mukono moja?" Na Ayoubu, kwa heshima kubwa, akamjibu, "Hapana, baba. Iko mbili. Ile ya kuume inapumuzika."

Mzee akanawa, akainuka, akaondoka. Djamila akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Kilio cha binti yule nitakwenda nacho kaburini. Sisi tukaambiwa, "Jibu mutalipata," na hilo, mwalimu, ndilo jibu lenyewe.

Tangu turudi Ayoubu hagusi fimbo. Anakaa uani anaitazama mikono yake, huu kisha ule, kama mtu anayetafuta mwizi kati ya ndugu wawili. Ile ta-pu niliyoichukia, sasa ninatega sikio na haiji. Ninaumia, mwalimu. Ni mwanangu.

Kwa sababu hizo ninaomba:

a) Uende Kabambare wewe mwenyewe, mkono wako wa kushoto umefungwa kitambaa kama wanavyofungwa watoto wakaidi (kitambaa nitakukatia mimi), umweleze mzee kwamba Ayoubu si mshenzi, ni mwanafunzi.

b) Kuanzia sasa fanfare ipige nyimbo zinazohitaji mkono mmoja tu.

c) Ijumaa mbele ya msikiti na Jumapili mbele ya kanisa, utangaze kwamba mikono ya kushoto ya Kasongo yote imerudishwa kwenye kazi yake ya zamani.

Nisalimie mama watoto, nisalimie wapiga tarumbeta wote, hata yule anayevimba mashavu bila kutoa sauti, na mpigaji wa ngoma kubwa, ambaye hana matatizo haya kwa kuwa anatumia mkono mmoja na mwingine anashikia mkate.

Ninabaki mzazi wako wa fanfare, kwa heshima na shingo iliyopinda,

Souleymane, fundi wa nguo.

N.B. Bahasha ilikuwa bado wazi simu ikalia kutoka Kabambare. Ni Mama Waridi, anacheka mpaka hasikiki. Kumbe chini ya ule mtandio Djamila alikuwa anacheka, kisha akalia, kisha vyote pamoja. Binti yule amezaliwa mtu wa mkono wa kushoto. Tangu mdogo shangazi zake walikuwa wanaufunga mkono huo kwa kitambaa na kumchapa fimbo ajifunze kutumia wa kulia, na yeye hajawahi kumwona mtu akiutoa wa kushoto mbele ya mzee Ramazani na dunia ikaendelea. Jana mchana aliketi mbele ya mzee, akanawa, akala wali kwa kushoto mpaka sahani ikaisha, akasema ni Ayoubu au hakuna. Mzee aliitazama sahani tupu. Kisha akasema, "Mukono moja na mukono moja iko mbili. Waoane."

Basi futa namba ya tano na ya nne, na ya tatu uisome ukiwa peke yako. Ile ya kitambaa usiifanye. Ninaona haya kuwa niliiandika. Namba ya kwanza inabaki, nahitaji mto. Siku ya harusi ije fanfare nzima, Ayoubu asimame mbele, aanzie kushoto, na umkumbushe asiibane fimbo. Hivi ninavyoandika anapiga uani, na pigo la pili linakaribia.

Ombi la mwisho linamhusu Djamila. Akija kwenye mazoezi kumtazama mumewe, usije ukamfundisha chochote. Kwake mkono dhaifu ni wa kulia. Umefundishwa kwa fimbo miaka yote hiyo, na chai bado inamwagika.