Okidi za Bafuni kwa Fundi Saa

Ngo! Ngo! Ngo!

Hata leo mtu akigonga kaunta ya kibanda chake, Fundi Saa huitikia, "Kuna mtu!" Kisha hujitazama, akahakikisha amevaa nguo, ndipo anapokumbuka kuwa yuko kazini na anayegonga ni mteja tu aliyeleta saa.

Hiyo ni kazi ya kidole cha mama mkwe. Kidole chembamba, kikavu, kilichougonga mlango wa bafu wiki nzima huku Fundi Saa akiwa ndani. Wala hakuwa akioga. Alikuwa akizungumza na mimea.

Kwa maelezo yake mwenyewe, katika mji mzima hapakuwa na mtu aliyeyajua maua ya okidi kumshinda. Ni kweli kwamba okidi zake hazikuwahi kutoa hata ua moja. Lakini, alisema, mwalimu wa kuogelea si lazima awe samaki!

Zilikaa bafuni kwa sababu zinapenda mvuke. Zilianza dirishani, kwa adabu, kama wageni wanaokaa ukingoni mwa kiti. Zikateremka sakafuni. Zikapanda juu ya tangi la choo. Zikaning'inia kwenye bomba la manyunyu kama popo wenye majani. Mtu akitaka kuoga alianza kwa kuhamisha vyungu, akaoga amejikunja, akamaliza kwa kuvirudisha, akatoka na jasho zaidi kuliko alivyoingia. Sabuni ya manukato ilipigwa marufuku. Shemeji, aliyekuwa akilala sebuleni tangu alipokuja "kupumzika kidogo tu", alikatazwa kuimba.

"Sauti yako inatikisa mizizi," aliambiwa.

"Mbona kukoroma kwako hakuitikisi, shemeji?"

Mama mkwe alipokuja kukaa, goti bovu, daktari kamwagiza aoge maji ya moto asubuhi na jioni, mke wa Fundi Saa akaona sasa yamefika shingoni.

"Baba watoto, chagua. Mama au majani."

"Usiyaite majani! Ile ya dirishani ina tumba! Litafunguka wiki hii hii, na Jumamosi ni maonyesho ya wapenda maua. Likipata tuzo je?"

"Likipata tuzo, mama ataoga kwa jirani na mimi nitanyamaza. Lisipopata, bafu linarudi kuwa bafu, na ufunguo nakaa nao mimi."

"Anza kutafuta kabati la kuwekea vikombe!" akasema Fundi Saa, akaingia bafuni na kujifungia.

Na tumba likafunguka! Jumatano asubuhi. Ua jeupe, pana, na katikati ulimi wa manjano kama lina jambo linataka kulisema. Fundi Saa alikaa juu ya kifuniko cha choo akalitazama mpaka akachelewa kazini. Alitaka kutamka neno kubwa, neno la kuandikwa kwenye jiwe. Likamtoka:

"Shikamoo."

Ungedhani mtu mwenye bahati hiyo angetulia. Nani, Fundi Saa? Alhamisi wazo likamwingia: kwa nini awe na ua tu, kama watu wa kawaida? Majaji wakimsifu, yeye atakohoa kidogo na kusema, "Hata mbegu natengeneza mwenyewe."

Akachukua kibano chake cha kushikia skrubu za saa, akabana lenzi jichoni, akafunga mlango. Kwenye kitovu cha ua, chini ya kikofia kidogo, akakuta chavua: vidonge viwili vya manjano, vidogo kama mayai ya mdudu. Akavitoa, mkono hautikisiki, akavibandika kwenye kishimo chenye utando wa kunata, hapo hapo chini yake. Okidi nyingine zote zilikuwa majani matupu, hivyo bwana harusi na bibi harusi wakawa ua lile lile. Yeye akawa mshenga, akawa wazazi wa pande zote mbili, akawa hata mpiga vigelegele, ingawa kwa kunong'ona, maana nje palikuwa na mtu.

"Mkwe wangu, goti linaniua!"

"Natoka, mama! Namalizia!"

Ijumaa jioni ua lilikuwa limenywea. Jumamosi asubuhi lilining'inia kama soksi iliyolowa.

Loh! Kilio chake kilifika barabarani. Tena hakulia tu, alifungua mashtaka. Mama mkwe alishtakiwa kwa dawa yake ya kuchua goti. Shemeji kwa kuimba kimoyomoyo. Mke kwa kufungua dirisha, tena kwa kukusudia, akishirikiana na upepo.

"Tutakwenda nalo hivi hivi!" akanguruma. "Nyote! Majaji wawaone wauaji kwa macho!"

Wakaenda. Ukumbini, okidi za watu wengine zilisimama mezani vifua mbele. Fundi Saa akaweka chungu chake, akaipanga familia nyuma yake kama mahabusu, akaanza kuhutubia kabla hajaulizwa: miaka aliyolisubiri ua lile, ubaya wa manukato, ukatili wa madirisha, nyimbo zisizo na staha. Watu wakakusanyika. Wengine waliacha kabisa kutazama maua.

Jaji mkuu, mama mnene mwenye miwani ya kamba, alimwacha amalize. Akaliinua ua kwa ncha ya kidole, akachungulia kitovu chake, akaipapasa shingo iliyokuwa imeanza kuvimba.

"Baba, hili halijauawa. Limechavushwa. Okidi ikishapata chavua haina haja ya kujipamba tena, inanyauka. Lingeachwa peke yake lingekaa miezi."

"Nyuki!" Fundi Saa akadakia. "Si niliwaambia habari ya dirisha?"

"Nyuki gani huyu anayekwangua kwa chuma? Tazama mikwaruzo. Hiki ni kibano."

Macho yote yakahamia kwenye mfuko wa shati lake. Kibano kilikuwa kimechungulia, kinameremeta kwa furaha.

Shemeji akaanza kucheka kwa shida, kama pikipiki inayokataa kuwaka, kisha akawaka. Mama mkwe alijishika mbavu, akalisahau goti. Mke hakucheka. Alinyoosha kiganja tu.

Fundi Saa akautoa ufunguo, akauweka pale, kama mfalme anayekabidhi taji mbele ya watu waliokuja kununua mbolea.

"Lakini baba," jaji akauliza, sasa kwa upole, "umelisubiri miaka yote hiyo. Halijamaliza hata kujinyoosha. Kwa nini?"

Ile hotuba ya mbegu ilikuwa tayari ulimini. Ikagoma kutoka. Akaliinamia ua lililosinyaa, akalikunjua ukingo mmoja, ukajikunja tena. Akasema kwa sauti ndogo kuliko ya saa ya mkononi:

"Nililiona liko peke yake."